Mto Seine umenipandishia bima, na bado nautetea

Barua ya bima ya nyumba imefika jana. Kipengele cha mafuriko peke yake kimepanda kiasi cha karo ya muhula mzima wa mtoto wa bweni kule kwetu. Nikapiga simu. Dada aliyepokea akaniambia kwa upole kwamba tatizo ni mto, nyumba yangu iko karibu mno. Ni huu Seine wa hapa Winnipeg, Kanada, ambao mwezi wa Agosti kuna sehemu maji yake hayafiki gotini!

Mimi ni mtu wa Budalang'i, magharibi mwa Kenya. Nimekulia uwanda wa mto Nzoia na mafuriko nayajua tangu utotoni. Nimeudhika na bili, sikatai, lakini nikiuangalia huu mto mdogo wanavyoutunza, hasira yangu inavuka bahari inarudi nyumbani.

Seine unaanzia kwenye misitu ya mchanga ya Sandilands, kusini-mashariki mwa jiji, unapita Ste. Anne na Lorette, kisha unaingia mjini ukijipinda-pinda hadi St. Boniface, ambako ndugu zetu wengi wa Kongo na Burundi wamefuata Kifaransa, na hapo unajimwaga kwenye mto mkubwa, Red River. Baba yake Louis Riel alikuwa na kinu cha kusaga nafaka kwenye mto huu. Riel ndiye kiongozi wa Wametisi, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, ambaye harakati zake zilizaa jimbo la Manitoba mwaka 1870, na serikali ikamnyonga mwaka 1885. Kaburi lake liko hapo hapo St. Boniface.

Nchi yenyewe ilikuwa chini ya ziwa kubwa la maji ya barafu, Agassiz. Ziwa lilipoondoka liliacha udongo mzito wa mfinyanzi, tambarare kama meza. Waliojenga kwenye udongo mweusi wa pamba wanaelewa: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na msingi wa nyumba unafuata. Sasa chukua theluji ya miezi mitano, iyeyuke ndani ya wiki chache za Aprili, juu ya ardhi iliyoganda isiyoweza kunywa maji. Tena Red River unaelekea kaskazini. Huko nyuma, Marekani, kumeshayeyuka, na mbele bado ni barafu. Maji yaende wapi?

Mwaka 1950 watu wapatao 100,000 walilazimika kuhama Winnipeg. Baadaye Duff Roblin, aliyekuwa akiongoza serikali ya jimbo, akasimamia uchimbaji wa Red River Floodway, mfereji wa kilomita 47 wa kuyazungusha maji nje ya jiji. Wapinzani waliudhihaki, wakauita mtaro wa Duff. Ulichimbwa kuanzia 1962 hadi 1968. Mwaka 1997 maji yalipokuja, mji wa Grand Forks upande wa Marekani ulizama na Winnipeg ikapona.

Jambo linalonigusa zaidi ni hili. Mfereji ule ulikata njia ya Seine. Wangeweza kuuacha mto ufe, maana nani angelilia kijito? Badala yake waliupitisha chini ya mfereji kwa bomba: maji yanazama upande huu na kuibuka upande wa pili, kisha yanaendelea na safari.

Nzoia nao una matuta ya kuzuia maji. Mwaka 2020 yalipasuka tena, mama zetu wakalala tena kambini, wakagawiwa mahindi na maharagwe mbele ya kamera. Udongo wetu ni mzito vilevile, uwanda ni tambarare vilevile, na wahandisi tunao. Mtu asiniambie kwamba mafuriko ni mapenzi ya Mungu. Nimeishi kwenye mito miwili na nimeona kinachofanywa na watu.

Hata miti ya kando ya Seine ina wenyewe. Jirani yangu, mzee mstaafu, hufunga waya kwenye mashina ili biva, wanyama wa majini wenye meno ya kukata miti, wasiitafune. Kuna kikundi cha wakazi, Save Our Seine, kilichotoa takataka nyingi humo. Ndiyo maana msitu wa Bois-des-Esprits bado umesimama katikati ya majumba, na kulungu wanapita humo asubuhi. Adui mkubwa sasa ni ugonjwa wa miti ya elmi, kuvu anayebebwa na wadudu wa magome. Kwa hiyo kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 sheria inakataza kupogoa elmi, hata ikiwa iko uani kwako, na kuweka kuni zake ni kosa. Kwetu tawi likianguka ni mboga ya jioni imeshaiva. Hapa liache.

Wewe unayejaza fomu za kuja Manitoba, kabla ya kusaini nyumba uliza kama chumba cha chini ya ardhi kina pampu, na kama bomba la maji machafu lina vali ya kuzuia yasirudi ndani. Soma bima mstari kwa mstari, kwa sababu mara nyingi mafuriko ya mto hulipiwa kando. Watoto wako uwakataze kucheza juu ya barafu ya Seine. Maji yanaendelea kupita chini, na pale yanapokwenda kasi barafu huwa nyembamba hata baridi ikiwa nyuzi 25 chini ya sifuri.