Wanasheria, maji moto na friza ya kantini

Watu wakisikia nafundisha sayansi chuo kikuu hapa Tanga, hudhani naandaa madaktari na mainjinia. Wanafunzi wangu wanasoma sheria, biashara na ualimu wa masomo ya sanaa. Wengi fizikia waliiaga walipomaliza kidato cha pili, wakiamini hawana akili ya sayansi. Hata baadhi ya wahadhiri wenzangu huniambia nimepewa kozi nyepesi.

Saa kumi na mbili asubuhi nakunywa chai kwa mkate wa ajemi, kisha bajaji kutoka Chumbageni. Saa mbili hadi saa nne nipo na walimu watarajiwa: tofauti ya joto na jotoridi. Kipindi kimekwenda vizuri.

Saa nne na nusu wakaingia wanasheria.

Nilikuwa nimewapa kazi ya vikundi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, mkoa wetu huuhuu, alitia mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukawahi kuganda kuliko wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu wake akamwambia amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi wanabishana: wapo wanaotaja uvukizi, yaani maji moto hupungua kwa kugeuka mvuke, na wapo waliorudia majaribio wasione kitu. Kazi ilikuwa moja: jaribuni wenyewe, mniletee mlichokiona.

Kundi la kwanza: maji moto yamewahi. La pili: yamewahi. La tatu: yamewahi, tena kwa dakika zilezile za kundi la pili. Nikauliza walitumia vyombo gani. Kimya.

"Madam, yetu yalikataa," kijana mmoja akasema. "Tukaona tumekosea, tukaandika kama ilivyo kwenye intaneti."

Hapo umeme ukakatika, feni zikasimama, na joto la Tanga halina subira. Kijana hakukaa. Jibu sahihi ni lipi, maana kuna mtihani? Si mimi mwenyewe niliyesema Mpemba alikuwa sahihi? Atapataje alama kwa kupinga kitabu? Na madesa, yale maelezo ya kusomea mtihani, nitatoa lini? Nikajibu, akarudia, nikajibu tena, jasho likinitiririka mgongoni. Mwishowe nikamuuliza: shahidi akibadili maelezo yake ili yafanane na ya mwenzake, mahakamani mnamfanyaje? Darasa likaguna.

Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Kundi lao mara ya kwanza maji baridi yaliganda kwanza. Waliporudia, yakawahi ya moto. Waliogopa kusema. Kumbe wenzake walikuwa wakilisubiri hilo. Vikombe vilifunikwa? Maji yalilingana ujazo? Kila kikombe kilikaa wapi? Binti akakumbuka kwamba mara ya pili kikombe cha moto kilikaa juu ya barafu ya sakafu ya friza, kikaiyeyusha, kikashuka hadi kwenye bati lenyewe. Basi huenda kilipoa kwa kugusa bati, si kwa sababu kilianza kikiwa cha moto! Walimhoji kama wako kizimbani kweli, watu wanaojiita hawana akili ya sayansi. Hakuna aliyekumbuka feni. Tulipitiliza muda hadi wenye ukumbi wakatutoa.

Mchana ulikuwa wa kikao, mwanafunzi wa sapu (mtihani wa marudio) anayelia, karatasi za kusahihisha. Nikala wali baridi mezani. Nilirudi nyumbani miguu imevimba. Sijui ilikuwa saa ngapi.

Kundi la binti nimelipa alama ya juu. Waliopika namba warudie jaribio. Nikiwa bado nasahihisha, kijana yule akaniandikia: "Madam, leo tumejaribu mara mbili kwenye friza ya kantini. Majibu hayafanani. Tuandike hivyohivyo?"

Nikamjibu: andikeni hivyohivyo, na mseme friza ilifunguliwa mara ngapi.