TV ya chogo ya mama na busta iliyonizingua

Kwa mama kule Kibaha kuna TV ya chogo ya tangu enzi za chenga, imegoma kufa na mama hataki kusikia habari ya flati. Siku hiyo kanipigia, "Mwanangu king'amuzi kinagandaganda, mtangazaji anabaki mdomo wazi". Fundi wa mtaani alishapita akasema mnara uko mbali, akamuuzia busta, kile kidude cha kukuza mawimbi ya antena, akafunga, hali ndo ikawa mbaya zaidi, kioo kinaandika hakuna mawimbi.

Jumamosi nikaenda. Nikaanza kama tulivyokuwa tunafanya utotoni, mi juu nazungusha antena, mdogo wangu mlangoni "rudisha kidogo, hapo hapo usiguse!" Nusu saa nzima bure. Kabla Dar hawajazima analojia, yale matangazo ya zamani yasiyohitaji king'amuzi, tarehe 31 Desemba 2012, staili hiyo ilikuwa inalipa sababu analojia haifichi kitu, mawimbi yakipungua chenga zinaongezeka taratibu, ukigusa antena unaona hapo hapo. Digitali picha inasafiri kama namba, sifuri na moja, zikiharibika kidogo njiani king'amuzi kinazirekebisha chenyewe na wewe unaona picha safi kabisa, ila zikiharibika kupita kiasi kinashindwa, picha inakatika vipande kama vigae, inaganda, hafu giza. Sasa unazungusha antena huku kioo cheusi, utajuaje umekaribia?

Nikashuka nikaingia kwenye menyu ya king'amuzi, kule kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu 92, ubora 0. Hapo ndo nikashtuka, shida sio umbali! Busta haina akili, inakuza kila kinachopita, mawimbi na makelele yake, na mawimbi yakiingia makubwa tayari inazidiwa inayachafua kabisa, ni kama spika za harusini wakizifungulia mpaka mwisho, mngurumo unausikia ila anachosema MC hukijui.

Nikaing'oa. Nguvu ikashuka mpaka 60, ubora ukapanda 35, picha ikaja ila bado inaganda. Nikaufuata waya mpaka juu ya bati, nikakuta kiungo kimesokotwa kwa mkono na kufungwa nailoni, maji yameingia, shaba imekuwa kijani kibichi. Nikakata pale, nikaunga upya kwa kiungio cha dukani, nikafunga tepu vizuri. Hafu ndo nikarudi kwenye antena, safari hii dogo ananisomea namba ya ubora tu, picha haangalii, tukafika 74.

Tukakaa tunakula, mama anasema mbona rangi inayumba na mistari inatembea. Kidogo nipande tena juu nikakumbuka, mistari na rangi kuyumba sio tabia ya digitali. TV ya chogo yenyewe haijui namba, king'amuzi kinazigeuza kuwa wimbi la analojia ndo linapita kwenye ule waya wa njano (mwekundu na mweupe ni sauti). Kwahiyo vipande na kuganda, angalia upande wa antena, mistari na rangi kupotea, angalia waya wa njano. Ulikuwa umelegea tu, nikausukuma ndani ikatulia.

Busta nilitaka kuitupa, mama kagoma, eti imenunuliwa kwa hela. Iko juu ya kabati mpaka leo.