Usukani wa Baba na ile tyubu ya baiskeli

Kucha zangu zina weusi ambao hata sabuni ya mche imeshindwa kuutoa, na kesho saa tatu nina kikao ofisini. Potelea mbali. Jana jioni usukani umerudi kwenye gari, na nataka niandike kabla sijasahau ulivyonitoa jasho.

Gari lenyewe ni Volkswagen 1300 ya mwaka 1969, ile yenye mgongo wa kobe, injini nyuma, buti mbele. Baba alilinunua mkononi kwa mtu alipokuwa karani kwenye shamba la mkonge, akawa analiendesha kutoka hapa Ngamiani hadi Muheza na kurudi. Ametutoka miaka minane sasa. Gari limebaki uani chini ya turubai, na kila mwaka najiambia mwaka huu nitalishughulikia.

Tangu nipate akili, usukani wa gari lile ulikuwa umeviringishwa tyubu ya baiskeli. Vipande vyembamba vilivyokatwa kwa mkasi, vimezungushwa kimoja juu ya kingine mithili ya bandeji ya mguu uliovunjika. Na Tanga ni mji wa baiskeli, hakuna mtoto ambaye hakujua ile ni nini. Shuleni waliniuliza kama tukipata pancha Baba anaziba usukani. Nilikuwa naomba anishushe kona ya mwisho kabla ya geti, nikimwambia napenda kutembea.

Kwa hiyo nilipoamua kuanza, sikuanza na injini kama wenye akili. Nilianza na usukani.

Niliulizia mpya wa kuagiza kutoka Ulaya. Bei, ukijumlisha na usafiri na ushuru, ingenila mshahara nibaki nakopa nauli. Duka moja la vipuri likanionyesha usukani mdogo wa michezo, mwekundu, una matundu kwenye spoki. Nikamshukuru muuzaji. Nikajiwekea shilingi 80,000, isizidi hata mia, na kazi yote ifanyike kibarazani.

Kuung'oa kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Unachomoa waya wa betri kwanza, la sivyo honi itakuaibisha mtaa mzima. Unanyoosha matairi ya mbele, unaiacha swichi ya indiketa katikati, unatoa kifuniko cha honi, unakutana na nati kubwa. Kabla ya kuvuta chochote, piga alama kwenye kitovu cha usukani na kwenye shafti, ili ukirudisha usije ukaendesha gari lililonyooka huku usukani umekaa upande. Na nati usiitoe yote. Ilegeze, iache ikishika nyuzi mbili tatu, ndipo uvute. Mimi nilivuta nikiwa nimeegemea nyuma kwa nguvu zote. Kama si ile nati, leo ningekuwa naandika nikiwa na pengo.

Halafu nikakaa kibarazani na wembe, nikaanza kuifungua tyubu.

Ilitoka kwa shida, imegandamana na jasho la miaka. Nilitarajia kukuta plastiki nyeusi yenye nyufa. Nilichokuta ni katani. Pale spoki zote mbili zinapoungana na duara, na sehemu moja zaidi juu upande wa kulia, Baba alikuwa amefunga uzi wa katani, mzunguko kwa mzunguko, umebanana hivi kwamba kucha haikupenya, kisha akaulowesha kwa kitu kama vanishi hadi ukawa mgumu kama gome. Ncha ya uzi hukuiona. Aliipitisha chini kwa chini, namna mabaharia wanavyomalizia kamba.

Nikamwita Mama aje aone. Aliushika usukani, akaugeuza, akacheka.

"Siku ile alinimalizia uzi wangu wote wa kutungia mikeka."

"Siku gani, Mama?"

"Jumapili. Saa nane ilishapita, gari haliruhusiwi kutoka. Basi akakosa pa kwenda, akaanza kufukunyua."

Wasomaji vijana huenda hawalijui hili. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nchi haikuwa na fedha za kigeni, mafuta yalibanwa, na magari binafsi hayakutakiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kipuri cha gari la Mjerumani ungekitoa wapi, wakati hata sabuni ni ya foleni? Mama anasema ufa ulikuwa unamfinya Baba kiganja, na plastiki ilishaanza kuachia chuma. Akafunga ule uzi wa katani, akapaka vanishi ya fundi seremala jirani, na juu yake akaweka tyubu ili isichome mikono. Hiyo ndiyo bandeji niliyokuwa naionea haya.

Nilikaa nayo mapajani muda mrefu nisijue nianzie wapi. Sikutaka kuikata. Mwishowe niliikata, kwa sababu chini ya katani kulikuwa na kutu, na kutu haina heshima kwa marehemu. Lakini nitasema hili: chini ya katani kutu ilikuwa vumbi tu la kupangusa. Mahali ambapo hakufunga, upande wa chini, chuma kilikuwa kimevimba na kuisukuma plastiki nje. Upepo wa chumvi wa hapa Tanga huingia popote penye mwanya.

Maana usukani wa zamani ni chuma ndani na plastiki ngumu nje. Jua la miaka hamsini linaikausha plastiki, inasinyaa, na chuma hakisinyai. Basi inapasuka, hasa kwenye maungio ya spoki.

Sasa makosa yangu. La kwanza ni puti. Nilinunua puti ya bodi kwa shilingi 8,000, nikaipakaza juu ya nyufa, nikapiga msasa, ikapendeza nikapiga na picha. Nikauanika ukutani. Baada ya wiki kila ufa ulikuwa umerudi palepale, mwembamba kama unywele. Nikaubeba hadi kwa mzee mmoja fundi rangi, nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia mimi, anaangalia usukani.

"Binti, ulifunika. Ufa haufunikwi, unafunguliwa."

Methali tumefundishwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzee huyu anasema uupanue kwanza. Akanionyesha kwa tupa ya pembe tatu: unachimba ufa hadi ukione chuma, unauacha mpana juu na mwembamba chini, kama mfereji. Unakwangua kutu yote, unafuta kwa thina, ndipo unajaza. Na unajaza kwa gundi ya epoksi ya kuchanganya, si puti, kwa sababu inang'ang'ania chuma na plastiki kwa pamoja.

Kosa la pili nilifanya siku hiyohiyo. Puti inataka hadena, ile dawa ya kuigandisha, kidogo sana, kama dawa ya meno kwenye mswaki. Mimi nikaichanganya epoksi vivyo hivyo, tena nikijipongeza kwa kubana matumizi. Siku tatu nzima ikabaki inanata kama ulimbo. Epoksi ile ni nusu kwa nusu, sawa kwa sawa, imeandikwa kwenye boksi kwa herufi ambazo mtu wa umri wangu anahitaji miwani kuzisoma. Nikaikwangua yote, nikanunua nyingine.

Awamu ya pili ndipo nilipomkumbuka Baba. Kwenye ufa mkubwa wa chini, ule uliokuwa unapitisha kidole, gundi peke yake ilikuwa inatiririka. Nikachukua mabaki ya uzi wake, yale yasiyo na vanishi, nikayachambua nyuzi nyuzi, nikayakata vipande vya urefu wa kucha, nikachanganya na gundi ikawa nzito kama ugali laini, nikaisindilia kwa kijiti cha aiskrimu. Haikutiririka tena. Ilipokauka nilijaribu kuichoma kwa bisibisi, ikakwaruzika tu. Mzee fundi nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ule uzi umebaki.

Msasa sina la kusema zaidi ya kwamba unachosha. Namba 80 kushusha vilima, 120, 220, halafu 400 wa maji. Macho hayaaminiki kwenye kazi hii. Fumba macho, pitisha kidole gumba kwenye duara lote taratibu, panapokwama, rudi. Nilifanya hivyo jioni nne mbele ya taarifa ya habari, Mama akilalamika vumbi.

Rangi nayo ilinipa somo. Nilipuliza jioni, masika, anga limejaa maji. Nusu saa baadaye weusi ulikuwa na ukungu mweupe, kama kioo cha bafuni. Unyevu ulikuwa umenaswa kwenye rangi. Nikapiga msasa wa maji tena, nikangoja siku ya jua, nikapuliza saa nne asubuhi, koti tatu nyepesi badala ya moja nzito. Gundi, pamoja na ile niliyoiharibu, 14,000; misasa 9,000; tupa 5,000; praima na rangi 22,000; thina 4,000; na ile puti ya ujinga 8,000. Jumla 62,000. Chenji iliyobaki nilinunulia chipsi kuku.

Haujawa mpya. Ukiuinamisha kwenye mwanga unaona bonde dogo chini, mahali nilipopiga msasa kupita kiasi, na ile pete ya honi ya nusu duara imechakaa kromu, sikuigusa. Jana jioni nikaurudisha kwa kufuata alama zangu, nikakaza nati, nikaunganisha betri. Kila nikikata kona ya kushoto honi inalia yenyewe. Nilizunguka mtaa mara mbili, watu wa kahawa wakidhani nawasalimia, wakanipungia mikono. Kumbe waya wa honi umechubuka. Ukigusa tu chuma cha gari, honi inapiga. Nikauzungushia utepe mweusi, ikanyamaza.

Mama alitoka, akakaa kwenye kiti cha dereva, ingawa hajawahi kuendesha gari maishani. Akaushika usukani kwa mikono miwili, akausukuma kushoto na kulia.

"Unateleza," akasema. "Na ule mpira umeutupa?"

Nikamwambia hapana, upo kwenye kiroba kibarazani, siwezi kuutupa, nitauhifadhi kama kumbukumbu. Akaitikia kwa kichwa.

Leo asubuhi nimeukuta umefungia mlango wa banda la kuku.