Altezza, vumbi la Tabora na bomba la moshi la nyuki

Isevya, Tabora. Jumapili jioni

Altezza imeacha kukohoa. Naandika mikono ikiwa bado inanuka oili, kwa sababu nataka kumbukumbu ya ugonjwa huu ibaki mahali, na kwa sababu najua tuko wengi wenye magari ya umri huu tunaoambiwa kila tukienda gereji tununue spea nyingine.

Kwa asiyelijua gari lenyewe: ni Toyota Altezza RS200, gia za mkono. Modeli hii ilitoka Japani mwaka 1998, ikachukua tuzo ya Gari Bora la Mwaka kule kwao kwa msimu wa 1998–1999. Nje ya Japani ndugu yake aliuzwa kwa jina la Lexus IS. Altezza nyingi utakazoziona hapa mjini ni AS200, zenye injini ya 1G-FE ya silinda sita, tulivu, isiyo na makuu. Yangu ina 3S-GE: silinda nne, lita mbili, haina turbo, na kiwandani ilitoka na nguvu farasi 210, lakini hizo unazipata mizunguko ikifika 7,600 kwa dakika. Mhandisi Nobuaki Katayama aliyeongoza kazi hiyo alitaka sedani ndogo inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye uzito uliogawanywa vizuri, ambayo dereva anaisikia mikononi. Alifanikiwa. Mimi naendesha gari namba C lililokwishapita mikono mingi kabla halijanifikia, na bado ukikata kona unasikia wazo la yule mtu.

Sasa ugonjwa. Ikiwa sailensa, yaani gari limesimama na injini inawaka bila kukanyagwa, mshale wa mizunguko ulikuwa unapanda na kushuka wenyewe. Hilo ningelivumilia. Kilichonitisha ni barabara ya Urambo. Ukiwa nyuma ya lori la tumbaku, umeona mbele kweupe, umeshusha gia, umekanyaga, gari linajikunja, linakata pumzi, kisha linaamka ghafla. Unakuwa tayari uko upande usio wako. Hakuna furaha ya gari la michezo hapo, kuna hofu tu, na nilikuwa nimembeba mama.

Fundi wa kwanza alisema pampu ya mafuta. Wa pili akasema koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zote nne, na akanitajia bei ambayo ingelipa ada ya mtoto. Wote wawili walizungumza wakiwa wamesimama, boneti imefungwa. Sisemi ni watu wabaya. Gereji inalipwa kwa kufunga kitu, hailipwi kwa kukaa na kutafuta, na mteja mwenyewe anataka kuondoka na gari jioni ile ile. Lakini Tabora si Dar es Salaam. Spea ya Altezza huipati hapa kwa kuvuka barabara. Unampigia muuza spea wa Gerezani, kule Dar, anakutumia picha, unalipa, inakuja na basi, na ikiwa siyo, safari inaanza upya. Kwa hiyo mtu wa huku analazimika kujua anachokitafuta kabla hajatoa hela.

Nilianza na vipimo visivyo na gharama. Koili nilizihamisha nafasi, ya silinda ya kwanza ikaenda ya tatu, nione kama tatizo litahama nayo. Halikuhama. Plagi nilizichomoa nikazikagua kwenye jua: zote nne zilikuwa na weupe fulani kwenye ncha, dalili kwamba moto unawaka na hewa nyingi kuliko mafuta. Na hapa niseme kitu kinachoniuma kila nikipita gereji: plagi za iridiamu hazipigwi msasa. Ile ncha ni nyembamba kama sindano ya kushonea, ukiikwangua umeimaliza. Ama ni nzima uirudishe, ama imechoka utupe.

Pampu ya mafuta niliipima kwa geji ya kuazima. Shinikizo likasimama pale pale, hata nilipokanyaga kwa nguvu. Kwa hiyo mafuta yanafika. Swali likabaki hewa inatoka wapi.

Kifaa kidogo cha kusomea makosa, kile cha bluetooth kinachouzwa bei rahisi, hakikuelewana na gari hili kabisa. Magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka ile yana tundu linalofanana na mengine, lakini lugha inayopita mle si ile ambayo kifaa kinaitegemea. Ipo njia ya zamani: unaunganisha kwa waya matundu mawili, la 4 na la 13, unawasha swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Nilikaa na daftari mapajani. Taa ikapepesa kwa mwendo mmoja, bila kituo. Maana yake kompyuta haijaandika kosa lolote. Gari linaumwa na halijui linaumwa wapi.

Hapo ndipo nikamfuata Mzee. Alifanya kazi karakana ya reli miaka yake yote, akastaafu, sasa ana mizinga ya nyuki huko njia ya Sikonge na anatengeneza gari la mtu akijisikia tu. Nilimsalimia, akanijibu, akasikiliza maelezo yote bila kunikatiza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Mwanangu, linakohoa likiwa limesimama au likiwa linavuta mzigo?"

Nikamwambia yote mawili, lakini likivuta ndiyo zaidi.

"Basi kuna kitu kinafunguka injini ikisogea."

Akaingia stoo akatoka na bomba la moshi la kurinia asali. Nilidhani anaahirisha kazi. Kumbe ndicho kipimo chenyewe. Warsha kubwa zina mashine ya kupuliza moshi kwenye njia ya hewa ya injini, na mahali moshi unapotokea ndipo hewa inapoibwa. Mzee hana mashine hiyo, ana mafukuto ya ngozi na kopo la bati. Tulitenganisha mpira mkubwa wa hewa na boksi la filta, upande wa baada ya sensa ya hewa, ili moshi usiguse ule waya wake mwembamba unaopima hewa. Injini ilikuwa baridi, betri tumeichomoa. Akawasha magunzi ya mahindi, juu yake akashindilia majani mabichi, kama wanavyofanya porini, moshi utoke umepoa na cheche zisipite. Mdomo wa bomba tukauzungushia kitambaa, tukauingiza kwenye mpira, akaanza kupuliza taratibu.

Hakuna kitu. Manifoldi, yale mabomba yanayogawia silinda hewa, haikutoa moshi, wala vile vipira vidogo vya vakyumu. Tukaangalia kila kiungo kwa tochi. Nilianza kukata tamaa.

Mzee akanikabidhi bomba niendelee kupuliza. Akachukua mtaimbo, akaufunga tambara nchani, akauegemeza kwenye mwili wa gari na kuisukuma injini upande mmoja. Na moshi ukatoka. Ukamba mwembamba wa kijivu, chini kabisa ya kona ya mpira wa hewa, kwenye mkunjo mmoja wa zile pete zake, mahali ambapo jicho haliwezi kufika bila kuufungua. Akaachia mtaimbo, ukakatika. Akasukuma, ukarudi.

Nimekuwa nikifikiria sana ule moshi. Mpira ulikuwa umepasuka, sawa, lakini mpira haukujipasua. Injini imekaa juu ya maunti za mpira, na moja yake ilikuwa imekufa kabisa, mpira umeachana na chuma. Kila ukikanyaga, injini inajipinda. Boksi la filta limefungwa kwenye mwili wa gari, halisogei, throto, mlango wa hewa wa injini, iko kwenye injini, inasogea, na katikati yao ni ule mpira uliokuwa unavutwa kila siku mpaka ukachanika. Ufa ukifunguka, hewa inaingia bila kupita kwenye sensa. Kompyuta inapima mafuta kwa hewa iliyohesabiwa, mchanganyiko unakuwa mwepesi, gari linakohoa. Ufa ukijifunga, kila kitu kinasoma vizuri. Ningebadilisha mpira peke yake, mpya nao ungechanika. Na pampu na koili zingekuwa zinang'aa bure.

Tulifunga maunti zote mbili za pembeni, na mpira. Mpira ni mtumba kutoka Japani, bado laini, nilimwomba muuzaji aukunje mbele ya kamera kabla sijalipa. Leo asubuhi nimekwenda mpaka Urambo na kurudi. Ukikanyaga kwenye gia ya tatu, mshale unapanda bila kusita, na ukipita mizunguko 6,000 sauti inabadilika, inakuwa kali na safi. Mama hakuwemo. Safari ijayo atakuwemo.

Kwa kuwa nimeshaanza, niandike na mengine niliyoyafanya tangu gari hili linifikie, maana vijana wa mtaani wananiuliza lini nitaanza kulipamba.

Kazi ya kwanza ilikuwa kurudisha thamostati. Iliondolewa kabla yangu, kama inavyoondolewa kwenye magari mengi nchini, kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto. Hoja hiyo naipinga kwa moyo wote. Thamostati inafungua karibu nyuzi 82, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuishika hapo. Ukiitoa, asubuhi ya mwezi wa saba ukishika lami ya Nzega mshale wa joto unabaki chini, kompyuta inadhani injini haijapata moto, inamwaga mafuta ya ziada, na oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu wake. Gari likichemsha, tatizo ni rejeta iliyoziba, feni, au mfuniko. Mfuniko hasa. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, maji ya sufuria yanachemka karibu nyuzi 96 tu. Mfuniko wa rejeta ndio unaoweka shinikizo ili maji yasichemke mapema, na chemchemi yake ikilegea unachemsha rejeta ikiwa nzima kabisa. Ni kitu cha bei ndogo, kibadilisheni. Na wekeni kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, maji ya bomba yanakula alumini.

Filta ya koni nimeikataa. Inatoa sauti nzuri, sikatai, lakini inakaa wazi ndani ya joto la injini, inavuta hewa ya moto iliyopungua uzito, na kwa vumbi la mwezi wa kumi la mitaa yetu sitaki kitu chochote chepesi kati ya barabara na silinda zangu. Boksi la kiwandani linavuta hewa ya mbele, iliyo baridi. Nabadilisha karatasi yake mapema kuliko kitabu kinavyosema, basi.

Kushusha gari nalo hapana. Nimefanya kinyume chake kidogo: rimu za inchi 17 zenye tairi 215/45 nimezihifadhi, nikafunga za inchi 16 zenye 205/55, baada ya kuhakikisha zinapita kwenye kalipa za breki. Kimo cha gurudumu zima kimeongezeka kwa takribani milimita 7 tu, kwa hiyo spidomita haijapotea, lakini ukuta wa tairi umetoka kama milimita 97 hadi 113. Hizo milimita 16 za mpira ndizo zinazookoa rimu na bushi ukiacha lami kuingia Isevya. Gari hili lina wishiboni mbili, yaani mikono miwili ya kushikilia gurudumu, kila upande, mbele na nyuma, na bushi za huko, vile vipira vya viungo, ni nyingi. Zikiwa nzima, hakuna springi fupi itakayolifanya lipinde vizuri zaidi kwenye barabara tulizonazo. Chini ya injini nimewekewa bamba la chuma na mchomeleaji wa hapa hapa, lenye matundu ya kupitisha hewa na la kumwagia oili.

Kuna kijana mmoja mzuri, anayejua kompyuta, aliyetaka kuisogeza mbele cheche, yaani plagi ziwake mapema kidogo, ili nipate nguvu zaidi. Nilimshukuru. Injini hii inagandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta 11.5 kwa 1 na kule Japani ilitengenezewa petroli ya okteni ya juu. Kwa mafuta ya hapa sensa inayosikiliza mgongo'ng'o wa mafuta yanayolipuka vibaya ndani ya injini tayari ina kazi ya kutosha kuirudisha nyuma cheche hiyo hiyo. Sina akiba ya kumpa.

Kilichobaki ni belti ya taiming. Rekodi yake sina, na kwenye 3S-GE belti ikikatika pistoni na valvu zinakutana. Belti, tenshona na wota pampu vinafika na basi Alhamisi. Mzee anarina asali wiki hii, amesema gari lisifunguliwe na mtu mpaka arudi, na mpaka hapo nitakwenda kazini kwa bodaboda.