Duesenberg ya paa la kukunjwa

Tangu nirudi kutoka Auburn, Indiana, nawaza gari moja tu. Kila wikendi ya Labor Day, sikukuu ya wafanyakazi ya Marekani mwanzoni mwa Septemba, mji ule hufanya tamasha la magari ya zamani ya aina za Auburn, Cord na Duesenberg, na safari hii nilibahatika kusimama karibu na Duesenberg Model J ya paa la kukunjwa, bodi yake imeundwa na kampuni ya Murphy, na viti vyake bado vina ngozi ileile ya tangu mwanzo.

Zamani zile mtu hakununua Duesenberg ikiwa kamili. Kiwanda cha Indianapolis kilimuuzia chesisi, yaani fremu yenye magurudumu, na injini, dola 8,500 Model J ilipozinduliwa Desemba 1928, halafu bodi ikaundwa na mafundi aliowachagua mwenyewe, kama mtu anavyopeleka kitambaa chake kwa fundi cherehani. Ford Model A nzima wakati huo ilipatikana kwa dola 500 hivi. Haukupita mwaka, soko la hisa la New York likaporomoka. Hadi 1937 mambo yanakwisha, Model J zilizotengenezwa hazikufika 500. Najua watu walikuwa wakipanga foleni za mkate miaka hiyo, na hilo linanigusa kila nikizitazama. Lakini nikiinama karibu, siwaoni matajiri. Nawaona mafundi.

Tuseme hao wa Murphy, Pasadena, California. Nguzo za kioo cha mbele walizifanya nyembamba mno, dereva aone barabara bila kizuizi. Paa la turubai linakunjwa, linalala nyuma ya kiti, na juu yake kinashuka kifuniko cha chuma chenye rangi ya bodi. Likishazama humo huwezi kujua kama gari lina paa. Magari mengi ya rika lake hubaki na rundo la turubai mgongoni.

Kiti cha dereva kimepasuka vimistari upande wa mlango, pale mtu anapoburuza paja akiingia. Cha abiria bado laini kabisa. Juu ya mlango rangi imelika mpaka ile ya msingi inaonekana, kwa sababu watu wameegemeza viwiko hapo kwa zaidi ya miaka 80. Uwanjani palikuwa na nyingine zilizopakwa rangi upya, ziking'aa kila upande, na mafundi wake wana mikono kwelikweli. Ila kwangu, ukishabandua ngozi ile umefuta habari za waliokaa pale. Hakuna fundi atakayezirudisha.

Mwenye gari, mzee mpole, akanifungulia boneti. Injini ya kijani, silinda 8 katika mstari mmoja, lita 6.9, valvu 4 kwa kila silinda. Kiwanda kilitangaza nguvu farasi 265, na mengi ya magari mengine ya kifahari ya Marekani, Model J ilipozinduliwa, hayakufika hata nusu yake. Fred na August Duesenberg, ndugu wawili waliozaliwa Ujerumani, walikuwa watu wa mashindano. Magari yao yalishinda Indianapolis 500, mbio za magari za maili 500, mwaka 1924, 1925 na 1927, na ujuzi ule wote umo humo.

Kilichonishika zaidi ni kitu kidogo. Chesisi ina pampu inayopaka mafuta kwenye viungo yenyewe gari likiwa linatembea, na kwenye dashibodi kuna taa za kumkumbusha dereva abadilishe oili na aangalie maji ya betri. Walioliunda walijua mwenye gari husahau. Nadhani ndiyo maana mengi yamefika hadi leo yakiwa mazima.

Mzee hulileta Auburn kwa kuliendesha, hataki kusikia habari za trela. Nimemwomba mwakani, nikiwahi kufika Ijumaa, anionyeshe paa linavyokunjwa hatua kwa hatua. Amekubali.