Koti la ngozi, wiki ya sita: mkono wa kushoto umekubali

Umekubali. Nalizeesha kwa makusudi koti jipya la ngozi, lionekane limevaliwa miaka mingi. Asubuhi nimeutazama mkono wa kushoto wa koti kwenye mwanga wa dirishani, jioni nikautazama tena chini ya taa, na mara zote mbili umeonekana kama mkono uliovaliwa miaka kumi, jua na mvua. Wa kulia bado una baka la kijivu kiwikoni, pana kama kiganja, na baka hilo ndilo limenila karibu wiki zote sita. Naandika leo kila hatua ikiwa bado kichwani, maana mara ya mwisho nilichelewa kuandika nikasahau nilichanganya spiriti kiasi gani.

Koti lenyewe ni jeusi, ngozi ya ng'ombe, unene kama milimita 1.2, na lilikuja likiwa gumu na linang'aa kama plastiki. Tone la maji nililoliweka mgongoni lilikaa robo saa bila kuzama, kwa hiyo utando wa kiwandani, ule unaoifunika ngozi na kuing'arisha, upo na si mwembamba. Kuuondoa hakuna jipya kwa mtu aliyewahi kufanya kazi hii: kitambaa cheupe, spiriti ya asilimia 99 au asetoni, na kubadilisha kitambaa kila kikichafuka. Mimi nachagua spiriti kwa sababu inakupa muda wa kusita. Asetoni haisubiri mtu. Ile spiriti ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda iacheni huko huko kwenye vidonda. Ina maji mengi, inaulainisha utando bila kuuondoa, unabaki na uso unaonata.

Shida yangu ilianza utando ulipokwisha kutoka.

Nilisugua kiwiko cha kulia kwa msasa namba 400, nikitarajia weusi upungue taratibu na kahawia ichomoze chini yake, kama inavyokuwa kwenye koti zuri lililozeeka. Weusi ulipungua kweli. Kilichochomoza ni kijivu. Tena kijivu chenye ubuluu ndani yake, kama saruji iliyolowa, na juu yake vinyweleo vya ngozi vimesimama. Nikaongeza kusugua nikidhani kahawia iko chini zaidi. Nilichoongeza ni upana wa baka.

Sababu ninaijua sasa, na inaniuma kwamba sikuiwaza kabla ya kushika msasa. Ngozi nyingi za nguo siku hizi hutengenezwa, yaani hufanywa zisioze, kwa chumvi za kromi. Njia hiyo ilipewa hataza Marekani mwaka 1884, na ikaenea kwa sababu inamaliza kwa siku chache kazi ambayo magome ya miti huichukulia wiki au miezi. Lakini ngozi ikitoka kwenye kromi huwa ya samawati, na rangi nyeusi inayotiwa baadaye si lazima izame hadi katikati. Ukichubua unaikuta samawati ile ile, imefifia. Ngozi ya magome ndiyo yenye kahawia ya asili ndani. Mafundi wa Japani wana jina kabisa kwa ngozi iliyo nyeusi juu na kahawia ndani: chashin, yaani kiini cha chai. Nimependa kwamba cha yao ni chai yetu, na kwamba rangi hii wao wameipa jina la chai, sisi tumeipa jina la kahawa.

Neno hilo ndilo lililonitia wazo. Majani ya chai yana tanini, ile kemikali ya mimea inayoukausha ulimi, na tanini ndiyo kazi yote ya magome. Kama kiini cha koti langu ni cha kijivu, kwa nini nisikinyweshe chai?

Nikachemsha majani, vijiko sita vikubwa kwa kikombe kimoja cha maji, nikachuja, nikaacha ipoe kabisa. Ngozi iliyolowa haitaki joto kali. Husinyaa, na ikishasinyaa hairudi. Nikapaka kwa sponji kwenye baka la kulia na kwenda kulala nikiwa na furaha kubwa.

Asubuhi nikakuta madoa. Madogo, meusi yenye ubuluu, yametapakaa kiwiko kizima kama wino uliorashwa kwa mswaki. Nikadhani ni ukungu. Nikafuta kwa spiriti, hayakutoka. Nikapaka chai tena nikidhani kahawia ikikolea itayafunika, yakaongezeka! Siku mbili nzima nililitazama koti lile kwa hasira, kwa sababu kati ya madoa hayo ngozi ilikuwa imegeuka kahawia kweli, kahawia nzuri iliyopauka, ile ile niliyokuwa naitafuta. Wazo lilikuwa sahihi, na kulikuwa na kitu kinaliharibu.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Katikati ya kila doa kulikuwa na kijiuzi, chembamba kuliko unywele, na vingine bado vinametameta. Stilwaya. Wiki moja kabla nilikuwa nimepitisha stilwaya laini kabisa, namba 0000, kulaza vile vinyweleo vya msasa, nikakung'uta koti nikaona limesafika. Chuma kikikutana na tanini palipo na maji, kinatoa weusi. Wino wa hati za Ulaya ulitengenezwa hivyo kwa karne nyingi, kwa tanini ya vivimbe vya mwaloni na chumvi ya chuma. Nilikuwa nimepika wino juu ya koti langu mwenyewe.

Nilifunga sumaku ndani ya kitambaa chembamba nikaipitisha kiwikoni polepole. Ilirudi na ndevu. Nikakung'uta, nikapitisha tena, ndevu tena. Mara ya nane ndipo iliporudi tupu. Maji ya limau yaliyafifisha madoa mengi, machache yakang'ang'ania, nikaona niyaache kabla asidi haijaanza kuidhuru ngozi yenyewe.

Kwa hiyo, kuhusu stilwaya, nina msimamo sasa na sibadiliki. Kwenye mbao, kwenye chuma, sawa. Kwenye ngozi ambayo itakutana na chai, magome, au maji tu baada ya hapo, isikaribie kabisa, maana hata ngozi za kromi nyingi huongezewa tanini kidogo mwishoni, kwa hiyo usijione salama. Upande wa kijani wa sponji ya kusugulia vyombo unafanya kazi ile ile na hauachi chuma. Msasa nao nimeuweka pembeni. Namba 220, yenye chembe kubwa zaidi, inachana. Namba 400 na 600 zinasugua vizuri, lakini zinasugua kila kitu kwa usawa, na ngozi haichakai kwa usawa hata siku moja. Kitambaa cha jinzi kimeuzidi msasa kwa mbali: kigumu kiasi cha kuchubua, kipole kiasi kwamba ukikosea una dakika nzima ya kugundua. Nguo na ngozi ndizo husuguana maisha yote ya koti. Nilipaswa kuanzia hapo.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kola, halafu midomo ya mifuko, halafu ukingo wa zipu. Sijagusa hata kimoja. Jumatatu nilikuwa nimekaa mezani na koti mwilini nikijiuliza ni wapi hasa kola husuguana na shingo, nikaona vumbi la chaki kwenye kidole changu, chaki niliyokuwa nachorea alama. Nikasimama. Nikasugua chaki ukingoni mwa meza yote, kwenye mikono ya kiti na kwenye mgongo wa kiti, nikarudi kukaa, nikafanya kazi zangu kwa saa moja bila kuwaza koti. Nilipolivua, koti lilikuwa limejichora lenyewe.

Wenzangu, jaribuni hili kabla ya kitu kingine chochote. Ncha ya kiwiko, mahali ambapo nilisugua kwa nguvu zangu zote kwenye mkono wa kulia, haikuwa na chaki hata kidogo. Chaki yote ilikuwa vidole vinne chini ya kiwiko, upande wa kidole kidogo, pale mkono unapolalia meza, ikienda kama mkanda mrefu hadi karibu na kifundo. Halafu alama kwenye ukingo wa ndani wa mwisho wa mkono. Halafu mistari miwili mgongoni, chini ya mabega. Na mkono wa kulia haukufanana na wa kushoto: wa kulia husogea wakati wa kuandika, wa kushoto umelala tu, kwa hiyo mkanda wa kushoto ni mfupi na mzito, wa kulia ni mrefu na mwepesi. Ndiyo maana baka langu lilionekana la uongo hata kwa mtu asiyejua ngozi. Mahali penyewe palikuwa pa uongo.

Basi nikaacha kola, nikachukua mkono wa kushoto.

Kwanza mikunjo. Nililivaa koti, nikapulizia maji mkono mzima hadi ngozi ikalegea na kuwa nzito, nikaendelea na kazi zangu kiwiko kikiwa kimekunjwa mezani kama kawaida yangu. Saa nne hivi. Hakuna draya, hakuna jua. Ilipokauka, mikunjo ilibaki: mitatu mikubwa ndani ya kiwiko, mingi midogo kwa nje, na mshono wa chini ukawa umejikunyata kidogo, ukatoa vijituta vya mpangilio kama kamba iliyosokotwa. Vijituta hivyo sikuvitarajia, na ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote.

Halafu kusugua, na hapa ndipo penye siri yote ya mkono huu. Mkunjo una mgongo na una bonde. Kwenye koti la kweli mgongo hugusana na dunia, bonde haliguswi na kitu. Kwenye mkono wa kulia nilinyoosha ngozi juu ya goti nikasugua kwa kidole, na kidole kinazama, kinaingia bondeni, kinachubua pasipopaswa. Safari hii nilifunga jinzi kwenye rula ya mbao, bapa na ngumu, nikasugua bila kuivuta ngozi hata kidogo. Rula haiwezi kuinama. Inapita juu ya migongo tu na mabonde yanabaki meusi kama yalivyotoka kiwandani. Nilifuata mkanda wa chaki, nikasugua zaidi katikati yake, nikapunguza pembeni mpaka ikawa sioni mahali nilipoishia. Spiriti kidogo sana kwenye jinzi, sehemu moja kwa sehemu tano za maji, kisha kukausha na kutazama. Dakika arobaini kwa eneo lisilozidi viganja viwili.

Kijivu kilipochomoza kwenye migongo, nikapaka chai baridi. Mara tano, na kila mara niliacha ikauke. Mara ya kwanza huoni kitu. Ya tatu ule ubuluu unakufa. Ya tano unapata rangi ya kamba kuukuu. Peke yake bado ni nyepesi mno karibu na weusi, kwa hiyo nikaongeza rangi ya ngozi ya kahawia iliyozimuliwa na spiriti mara kumi, kwa ncha ya kitambaa, pembezoni tu ambapo weusi unaanza. Sasa mpito upo: nyeusi, kahawia nzito, kahawia ya chai, na juu kabisa ya mgongo mstari mwembamba uliopauka. Kidole kikipita hakihisi mpaka.

Mafuta ya kwato, yale ya kulainishia ngozi, nilitumia matone machache, kwa sababu mafuta hutia giza na yangenifutia kazi yote. Nta ya nyuki juu yake, nikasugua kwa kiganja hadi ikapata moto. Mng'ao uliokuja si ule wa plastiki.

Mkono wa kulia hauwezi kurudi kuwa mpya. Baka liko kwenye ncha ya kiwiko, mahali ambapo chaki inasema hakuna kinachogusa. Nimeamua kulipaka chai na ile kahawia iliyozimuliwa, kisha kulirudishia weusi kwa rangi ya viatu, tabaka kwa tabaka, nikibakiza migongo miwili tu, na kuuhamishia uchakavu wote chini kwenye mkanda wake. Leo mchana nilipitisha sumaku mara nyingine nne, ikarudi tupu zote.

Sasa hivi nimelivaa. Mkono wa kulia umelowa, umelalia meza, na hautakauka kabla ya usiku wa manane. Kola itasubiri.