Landilodi alisaini, ndoo ni ya mpangaji

Wengi hapa Nairobi risachi tunaijua kwa wale vijana wa tableti na beji shingoni, wanabisha Jumamosi asubuhi wakiuliza mnalala wangapi, mnapikia nini, nyama mlikula lini mara ya mwisho. Kuna ploti Kibera na Korogocho zimehojiwa mpaka watoto wanajua swali linalofuata. Hiyo kazi ya kuhoji nimeifanya pia, kwa hivyo siongei kama mtu wa pembeni.

Na kabla huyo kijana afike kwako, karatasi zimezunguka sana. Protokoli, yaani mpango mzima wa utafiti, inapelekwa kwa kamati ya maadili, ziko KEMRI, ile taasisi ya utafiti wa tiba, vyuo vikuu na hospitali kubwa, wanaisoma wanairudisha, rahisisha Kiswahili cha fomu ya idhini, hii pesa ya fea imezidi inakaa hongo, ikipita ndio uende NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, uchukue leseni, hiyo iko kwa sheria ya 2013. Kibali nacho kwa kawaida ni cha mwaka mmoja, ukitaka kuendelea unaomba tena. Wanaosema ati mgeni anaweza kutua hapa afanye anachotaka hawajawahi kungoja barua ya kamati, walai.

Kinachonisumbua ni kwamba tunaangalia sana nani anasaini, na saa zingine anayesaini siye atakayebeba mzigo.

Chukua ile ya maji Kayole Soweto, iliyozua kelele mtandaoni 2020. Landilodi walikuwa wameunganishiwa maji na mfereji wa taka, lakini bili wengi hawakuwa wanalipa. Sasa wachumi wa Benki ya Dunia na wenzao wakishirikiana na kampuni ya maji ya Nairobi wakagawa ploti kwa bahati nasibu, wengine wakaendelea kama kawaida, wengine wakapewa notisi, usipolipa unakatiwa. Malipo yalipanda, na ripoti ikasema hawakuona madhara makubwa kwa wapangaji. Sawa, lakini mkataba wa maji ni wa landilodi, naye pengine anaishi mbali huko, anayeshika ndoo kwenda kutafuta maji ni mpangaji ambaye hakuna siku aliulizwa anakubali kuwa kwa jaribio.

Hii si mpya. Kila mtu akiongea maadili ya utafiti anataja Tuskegee kule Alabama, 1932 mpaka 1972, wanaume weusi wenye kaswende wakiangaliwa tu bila kuambiwa ukweli, hata penisilini ilipopatikana wakanyimwa. Tunawakumbuka hao wanaume, lakini kuna wake zao walioambukizwa na watoto waliozaliwa nayo, na hao hawakuwa kwa orodha yoyote ya washiriki. Serikali ya Marekani iliwaingiza kwa mpango wa matibabu 1975, yaani miaka mitatu baada ya jaribio kufungwa.

Kumbe swali hili lilishafikiriwa vizuri. 2012 kulitolewa Tamko la Ottawa, mwongozo wa maadili ya utafiti, linahusu majaribio yanayogawa vikundi vizima, kijiji ama shule ama mtaa, na linasema mtu ambaye mazingira yake yamebadilishwa makusudi na mtafiti naye ni mshiriki, hata kama hukumhoji. Tena linasema mwenye mamlaka juu ya kundi hawezi kukubali kwa niaba ya watu wake. Kwa akili yangu mpangaji wa Soweto anaingia hapo moja kwa moja.

Watafiti walijitetea, kampuni ilikuwa na haki ya kukata maji kwa mkataba, risachi iwepo isiwepo. Hiyo ndiyo hoja yao nzito na siidharau, kwa sababu kampuni ikikata yenyewe hakuna kamati inaulizwa kitu, na mpangaji anakosa maji vilevile. Lakini bahati nasibu haikuwa kwa mkataba. Kuamua ploti hii ikazwe na ile jirani iachwe ili tulinganishe, hiyo ni kazi ya mtafiti, na ndiyo kamati ingefaa kuichunguza. Kuzungusha fomu kwa kila mpangaji ni ngumu, watu wanahama kila mwisho wa mwezi, lakini baraza moja na wapangaji kabla ya kuanza, karatasi ya Kiswahili kwa geti yenye namba ya kupiga, na ploti yenye mgonjwa ama mtoto mchanga iachwe nje, hizo zinawezekana hata kwa bajeti ndogo.